Ukweli na Macho Yetu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ninayoulizwa na watu wakisikia kwamba nimesoma falsafa. Mengine huulizwa kwa utani, mengine kwa hasira baada ya ugomvi wa nani alisema nini, na moja au mawili huulizwa usiku sana, taa zikiwa zimezimwa. Nimeyapanga yanavyofuatana kichwani mwangu. Anayetaka kuruka, aruke.

Ukweli ni nini hasa?

Jibu kongwe ambalo bado limesimama ni la Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: kusema kwamba kilichopo kipo, na kisichokuwepo hakipo, ndiko kusema kweli. Ukilisikia mara ya kwanza unaweza kudhani mzee alikuwa anakwepa swali. Hakukwepa. Alitenga vitu viwili, kauli upande huu na mambo yenyewe upande ule, akasema ukweli ni pale viwili hivyo vinapolingana. Mvua inanyesha au hainyeshi. Ukisema inanyesha, na kweli inanyesha, umesema kweli hata kama ulisema tu ili kumzuia mgeni asiondoke.

Kiswahili kina maneno mazuri ya kupimia jinsi mtu anavyolishika jambo. Kuna shaka, kuna dhana, kuna yakini. Yote matatu yanaeleza hali ya moyo wa mtu. Ukweli hauelezi moyo wa mtu yeyote. Unaweza kuwa na yakini ukakosea, na unaweza kuwa na shaka ilhali jambo ni kweli tupu. Mabishano mengi ninayoyasikia yanatokana na kuchanganya hayo: mtu anaulizwa kama jambo ni kweli, anajibu jinsi alivyo na uhakika nalo.

Kuna tofauti gani kati ya ukweli na uhalisia?

Uhalisia ni mambo yenyewe yalivyo. Ukweli ni sifa ya kauli au fikra inayoyasema mambo hayo sawasawa. Jiwe si la kweli wala la uongo. Ni jiwe tu. Kusema "jiwe hili lina kilo mbili" ndiko kunaweza kuwa kweli au uongo. Katika mazungumzo ya kawaida tunayachanganya maneno haya mawili na hakuna anayeumia.

Nikibahatisha nikapatia, je, nilikuwa najua?

Hapana. Saa ya ukutani imesimama tangu jana, wewe hujui. Unaitazama, inaonyesha saa nne na robo, na kwa bahati sasa hivi ni saa nne na robo. Unachoamini ni kweli, na una sababu ya kukiamini, lakini ni vigumu kusema unajua. Mwaka 1963 Edmund Gettier alichapisha makala ya kurasa tatu tu yenye mifano ya namna hii, na wanafalsafa hawajamaliza kuijibu mpaka leo. Kurasa tatu! Ninapoandika kitu kirefu huwa namkumbuka kwa aibu kidogo.

Je, macho yangu yananionyesha ulimwengu jinsi ulivyo?

Hayakuonyeshi, na unaweza kujithibitishia sasa hivi kwa karatasi na kalamu.

Chora msalaba mdogo upande wa kushoto wa karatasi. Pima sentimita 8 kwenda kulia, kwa usawa uleule, uchore doa jeusi lenye ukubwa wa kitufe cha shati. Funga jicho la kushoto. Kaza jicho la kulia kwenye msalaba na usilihamishe hata ukishawishika. Nyoosha mkono ulioshika karatasi, kisha ivute taratibu kuelekea usoni. Ikifika kama sentimita 30 hivi, doa litatoweka. Halififii, halikatiki vipande. Linakuwa kama halijawahi kuchorwa. Ivute zaidi kidogo, linarudi.

Doa linapopotea, taswira yake imeangukia mahali ambapo mshipa wa fahamu wa jicho unatokea kuelekea kwenye ubongo. Mahali hapo hapana hata seli moja ya kupokea mwanga. Mfaransa Edme Mariotte ndiye aliyeligundua pengo hilo katika karne ya 17. Kila mwenye macho mazima anatembea na mapengo mawili ya aina hiyo, moja kila jicho, na wengi wanakufa hawajui. Ila linalonishangaza mimi ni kwamba pengo halionekani kama pengo. Rudia jaribio kwenye karatasi yenye mistari: mistari itapita palepale doa lilipokuwa, haikatiki. Ubongo umekuta pengo, ukachungulia jirani kuna nini, ukaziba. Haukukuomba ruhusa.

Na hiyo ni kasoro ndani ya kile kidogo tunachoweza kukiona. Mwanga unaotufikia machoni ni wa mawimbi ya takriban nanomita 400 hadi 700. Nje ya hapo tu vipofu, ilhali nyuki anaona urujuanimno kwenye maua tunayodhani ni ya rangi moja. Sikio changa na zima husikia kati ya mitetemo 20 na 20,000 kwa sekunde. Popo anapiga kelele juu ya kichwa chako usiku na wewe unasema kumetulia.

Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufia Cairo karibu mwaka 1040, aliliona hili mapema kuliko wengi. Kabla yake walikuwepo wataalamu waliofundisha kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kugusa vitu. Yeye alionyesha kwamba mwanga ndio unaokuja machoni, kisha akaongeza jambo ambalo kwangu ni kubwa zaidi: sehemu kubwa ya kuona ni kuhukumu, hukumu ya haraka mno hata mwenyewe hajui kwamba amehukumu. Miaka zaidi ya 800 baadaye Mjerumani Hermann von Helmholtz alifika palepale kwa njia yake.

Mazigazi je? Hapo si macho yanadanganya waziwazi?

Mazigazi nayatetea. Unayaona barabarani wakati wa jua kali: mbele kuna maji yanameremeta, ukikaribia hakuna. Sasa chukua kamera uyapige picha. Yatatoka pichani vilevile. Hewa iliyo karibu na lami imepata moto na kuwa nyepesi, inaukunja mwanga unaotoka angani hadi unaingia jichoni kana kwamba umetoka chini. Jicho limepokea mwanga uliokuja na limeuripoti kwa uaminifu. Aliyesema "maji" ni wewe.

Kiinimacho ni kitu kingine. Mwaka 1995 Edward Adelson alitengeneza mchoro wa ubao wenye miraba kama wa sataranji, na silinda imesimama juu yake ikitupa kivuli. Mraba mmoja ulio nje ya kivuli unaonekana wa kijivu kizito, na mwingine ulio ndani ya kivuli unaonekana mweupe. Kipimo kinasema yote miwili ni kijivu kilekile. Hapa kamera haidanganyiki. Anayedanganyika ni ubongo, kwa sababu umezoea kufidia vivuli. Na kwa kweli hata "kudanganyika" ni neno zito. Kazi ya ubongo ni kukuambia ubao una rangi gani, si mwanga kiasi gani umefika jichoni, na kazi hiyo umeifanya vizuri. Ungeshindwa kuifanya, nguo yako ingebadilika rangi kila ulipoingia chini ya mti.

Rangi ipo kweli, au ni kichwani tu?

Februari 2015 picha ya gauni moja iliwagawanya watu dunia nzima. Wengine waliona jeupe na dhahabu, wengine buluu na jeusi. Watu walitazama skrini moja, bega kwa bega, wakashangaana. Maelezo yanayokubalika ni kwamba picha haikuonyesha wazi gauni limesimama kwenye mwanga gani. Aliyechukulia kwamba liko kivulini, ubongo wake uliondoa ubuluu akabaki na weupe. Aliyechukulia kwamba limemulikwa na taa ya manjano, ubongo wake uliondoa umanjano akabaki na buluu.

Watu husimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba ukweli haupo, na husahau mwisho wake: gauni lenyewe lilikuwepo, na lilikuwa la buluu na jeusi.

Kwa hiyo rangi ipo wapi? Mawimbi ya mwanga yapo nje, na tabia ya kitambaa kumeza mawimbi haya na kurudisha yale ipo nje. Wekundu jinsi unavyouhisi wewe upo pale nje na wewe mnapokutana. Hilo haliufanyi kuwa uongo. Uzito nao ni mkutano wa mwili na dunia, na hakuna anayesema ni ndoto.

Nikishajua ni kiinimacho, kwa nini bado naona vilevile?

Kwa sababu ujuzi wako haufiki huko. Mchoro wa Müller-Lyer, wa mwaka 1889, ni mistari miwili yenye urefu sawa, mmoja ncha zake zina vishale vinavyotazama nje, mwingine vinavyotazama ndani. Nimeupima kwa rula mara nyingi. Bado mmoja ni mrefu. Macho yangu hayaendi darasani pamoja nami.

Kama kila mtu anaona tofauti, si kila mtu ana ukweli wake?

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi haliji kama swali. Linakuja kama mlango unaofungwa: "Huo ni ukweli wako, mimi nina wangu."

Protagoras, mwalimu wa Kigiriki, alilisema kwa fahari katika karne ya 5 kabla ya Kristo: mtu ndiye kipimo cha vitu vyote. Upepo uleule, wewe unaona baridi, mwenzako haoni. Basi kwako ni wa baridi na kwake si wa baridi. Mwanafalsafa Plato akamwekea mtego. Kama anachoamini kila mtu ni kweli, basi anayeamini kwamba Protagoras amekosea naye anaamini kweli. Mwalimu akawa amekaangwa kwa mafuta yake mwenyewe.

Jibu la Plato ni zuri, ila mimi hutumia dogo zaidi, nililolikuta kwenye lugha: neno *kumbe*. Kumbe mlango ulikuwa wazi. Kumbe ni wewe! Kumbe alikuwa amenisamehe zamani. Neno hili kazi yake ni kuweka alama pale mtu alipodhani hivi, mambo yakawa vile. Ili useme kumbe unahitaji vitu viwili vilivyopishana: ulivyoona, na ilivyokuwa. Mtu ambaye ukweli wake ni kile tu anachokiona hawezi kusema kumbe maisha yake yote, maana hana mahali pa kukosea. Sijakutana na mtu huyo. Hata anayesisitiza kwamba ana ukweli wake hujipekua mifuko akitafuta funguo, kisha akazikuta mezani.

Yapo mambo ambayo mhusika ndiye mwenye neno la mwisho, na nayakubali bila kinyongo. Ukisema jino linakuuma, sina kipimo cha kukubishia. Ukisema wimbo fulani haukugusi, haukugusi. Lakini tazama tunachokisema hapo: ni kweli *kwa kila mtu* kwamba jino lako linakuuma. Hata maumivu yako ya ndani kabisa, yakishakuwepo, ni jambo ambalo mimi ninaweza kulikosea.

Na hadithi ya vipofu na tembo?

Mmoja kashika mguu akasema ni nguzo, mwingine kashika mkonga akasema ni nyoka, na kadhalika. Inasimuliwa ili kutufundisha unyenyekevu, nami sina ugomvi na unyenyekevu. Ila muulize msimulizi: wewe umejuaje kuwa ni tembo? Hadithi haisimuliki bila mtu mmoja anayemwona mnyama mzima. Na vipofu wale walikosa jambo rahisi tu, kubadilishana nafasi.

Nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu mawili. Unataka ushahidi gani zaidi?

Nataka kujua ulikuwa unaangalia nini, umeulizwa kwa maneno gani, na muda gani umepita.

Kwanza, kuangalia. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu video ya wachezaji wakirushiana mpira, wakawaambia wahesabu pasi za timu moja. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la sokwe anaingia, anajipiga kifua, anaondoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Macho yalikuwa wazi na sokwe alipita mbele yao. Kuelekeza jicho ni jambo moja, kutia akilini ni jingine.

Pili, maneno. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Walioulizwa yalikuwa na mwendo gani "yalipopondana" walikadiria wastani wa takriban kilomita 66 kwa saa. Walioulizwa yalikuwa na mwendo gani "yalipogusana" walikadiria takriban 51. Filamu zilikuwa zilezile. Katika jaribio la pili watu waliitwa tena baada ya wiki moja, wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kati ya watu 50 walioulizwa kwa lile neno la kupondana, 16 walisema ndiyo; kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kawaida la kugongana, 7. Hapakuwa na kioo chochote kilichovunjika. Neno moja kwenye swali lilikuwa limeingia ndani ya kumbukumbu na kuvunja vioo.

Tatu, muda, na hapa nitasema ya kwangu. Miaka mingi nilikuwa nasimulia jinsi nilivyoumwa na mbwa nikiwa mdogo. Nilikuwa na kila kitu: lango la mbao, mbwa wa kahawia, meno kwenye shavu la mguu, kilio. Siku moja nikaisimulia mbele ya mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, hebu nionyeshe kovu." Nikapandisha suruali. Mguu wa kwanza, mguu wa pili, safi. Kaka yangu aliyekuwa amekaa pembeni akapandisha ya kwake bila kusema neno, na makovu yakawa pale, vidoti vinne vilivyofifia. "Aliyeumwa ni huyu," mama akasema. "Wewe nilikuwa nimekubeba mgongoni, ukalia kumshinda yeye."

Sikuwa nasema uongo. Uongo unahitaji kujua. Na hata leo nikifumba macho, lango lipo na mbwa anakuja kwangu.

Mbona makosa haya nayaona kwa wenzangu zaidi?

Nyani haoni kundule. Na kwa tunaowapenda hali ni ileile kwa upande mwingine: ukipenda, chongo huita kengeza. Waliotunga methali hizi hawakuwa na maabara, lakini walikuwa na majirani.

Wengi wakikubaliana, si ndiyo usalama? Penye wengi hapaharibiki neno.

Inategemea kama wengi hao wametazama kila mmoja kivyake. Katika miaka ya 1950 Solomon Asch alikuwa akimkalisha mtu katika kundi, wote wengine wakiwa wamepangwa. Kazi ilikuwa kusema ni mstari upi kati ya mitatu unaolingana na mstari wa mfano, jambo ambalo mtoto angeliweza. Wale waliopangwa wakataja mstari usio sahihi, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya kawaida kabisa. Takriban theluthi moja ya majibu yaliyofuata yalikubaliana na kosa, na karibu robo tatu ya watu walikubali kosa angalau mara moja. Wengine walikiri baadaye kwamba waliona sawasawa ila walichelea kuonekana wa ajabu. Wengine walianza kuyashuku macho yao.

Ninachokipenda zaidi kwenye jaribio hilo ni sehemu isiyotajwa sana. Asch alipomweka mtu mmoja tu anayetaja mstari sahihi, kule kufuata mkumbo kulipungua sana. Mmoja tu alitosha.

Kwa hiyo mashahidi kumi walioketi pamoja wakasimuliana kabla ya kuulizwa ni shahidi mmoja mwenye midomo kumi.

Lakini wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Hapa nakataa, kwa heshima zote. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waliwasomea watu sentensi nyingi, nyingine za kweli na nyingine za uongo, katika vikao vitatu vilivyopishana wiki mbili mbili. Baadhi ya sentensi zilirudiwa kila kikao. Zilizorudiwa zilizidi kuaminiwa, ziwe za kweli au za uongo. Jambo tulilolisikia mara nyingi linateleza kichwani bila kukwama, na ule utelezi tunauchukulia kuwa dalili ya ukweli. Lisemwalo lipo, ndiyo: lipo midomoni.

Wanasayansi nao si wana macho hayahaya?

Hayahaya, na kisa cha René Blondlot kinaonyesha hivyo kuliko hotuba yoyote. Blondlot alikuwa mwanafizikia aliyeheshimika, katika mji wa Nancy, Ufaransa. Mionzi ya X ilikuwa imegunduliwa mwaka 1895 na kila maabara ilikuwa na hamu ya mionzi mingine. Mwaka 1903 akatangaza ameipata, akaiita mionzi ya N, herufi ya kwanza ya mji wake. Dalili yake ilikuwa nuru hafifu sana inayong'aa kidogo zaidi gizani. Wenzake wengi Ufaransa wakasema nao wameiona. Ikaripotiwa kwamba inatoka kwenye metali, ikaripotiwa kwamba inatoka hata kwenye mwili wa binadamu.

Mwaka 1904 mwanafizikia Mmarekani, Robert Wood, alikwenda Nancy kujionea. Akaingizwa kwenye chumba cha giza. Mionzi, akaambiwa, inapita kwenye prizimu ya alumini inayoitawanya, na vipimo vikaanza kusomwa kwa sauti, sehemu ndogo za milimita. Katika giza lile Wood alinyoosha mkono, akaiondoa prizimu bila kusema. Vipimo vikaendelea kusomwa vilevile.

Blondlot hakuwa tapeli. Alitaka kuona, akaona. Baada ya Wood kuchapisha alichokifanya, mionzi ya N ilipotea katika majarida ya sayansi karibu mara moja.

Sasa ona kilichorekebisha. Hayakuletwa macho bora kuliko ya Blondlot. Wood aliweka mambo katika hali ambayo aliyetarajia kuona kitu hakujua kama kipo au hakipo. Ndiyo maana leo dawa mpya hujaribiwa kwa namna ambayo mgonjwa hajui kama amepewa dawa au kidonge kisicho na kitu, na daktari anayempima naye hajui. Sayansi ikienda vizuri, ni utaratibu uliojengwa na watu wanaojua kwamba hawaaminiki.

Sayansi inabadilika kila mara. Si ukweli nao unabadilika?

Dunia ilikuwa inazunguka kabla ya Copernicus kuchapisha kitabu chake cha kusema hivyo mwaka 1543, na ilikuwa inazunguka wakati kila mtu anaapa imesimama. Anayesimama kwenye ikweta anasafirishwa kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa na hasikii chochote, kwa kuwa mwendo ni wa sare. Mwaka 1851 Léon Foucault alining'iniza pendulamu ndefu, yaani uzito unaobembea kwenye waya, jijini Paris, na watu wakatazama mpito wake ukigeuka taratibu kadiri sakafu ilivyogeuka chini yake. Kilichobadilika ni sisi. Na bado tunasema jua limechomoza. Sioni sababu ya kuacha.

Je, lugha inaathiri tunavyoona?

Kidogo, si kama inavyovumishwa. Warusi wana maneno mawili tofauti ya buluu, ya kuiva na ya kupauka, na utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwakuta wakitofautisha rangi hizo mbili upesi zaidi pale zinapovuka mpaka wa maneno yao. Tofauti ilikuwa sehemu ndogo ya sekunde.

Mtego ninaouogopa zaidi ni wa kwetu. Kitenzi *kuona* kinabeba ushahidi na maoni kwa pamoja. "Naona gari linakuja" ni ushahidi. "Naona tuondoke" ni rai. Sasa mtu akisema, "Mimi naona yule ndiye aliyechukua," ameona mkono ukichukua, au anafikiri tu? Nimesikia watu wakigombana saa nzima juu ya sentensi hiyo bila mmoja kuuliza: umeona, au unaona? Tofauti ya viambishi viwili inaweza kumfunga mtu asiye na hatia. Kwa bahati lugha hiyohiyo imetupa na *eti*, kwa ajili ya habari ambayo msemaji hataki kuibeba mwenyewe.

Kuna ukweli unaotengenezwa na watu?

Upo. Noti ni fedha kwa sababu tumekubaliana hivyo, na mpaka wa nchi hauonekani kutoka kwenye mti ulioota juu yake. Lakini ukishatengenezwa haukubembelezi. Jaribu kuvuka mpaka huo bila pasipoti ukimweleza afisa kwamba ni dhana tu.

Na kama yote ni ndoto?

Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alilipitia swali hili kama ugonjwa. Alianza na macho: kivuli ukikitazama kimesimama, ukirudi baada ya saa moja kimesogea, nyota inaonekana ndogo kama dinari, na hesabu za jometri zinasema ni kubwa kuliko dunia. Kwa hiyo akili inayasahihisha macho. Basi, akajiuliza, nani ajuaye kama juu ya akili hakuna hakimu mwingine atakayeisahihisha hiyo nayo, kama kuamka kunavyoisahihisha ndoto? Akakaa katika shaka hiyo karibu miezi miwili. Anasema hakuponywa kwa hoja bali kwa nuru ambayo Mungu aliitia moyoni mwake. Mwaka 1641 mwanafalsafa Mfaransa Descartes alifika kwenye shaka ya namna hiyo na akatafuta mlango mwingine: anayetilia shaka, angalau yeye yupo.

Sina jibu litakalomnyamazisha anayetaka kuendelea. Naona tu, na hapa natumia "naona" kwa maana ya rai, kwamba neno ndoto limepata maana kutoka kwa watu waliowahi kuamka.

Je, kuna ukweli ambao hakuna mtu atakayeujua kamwe?

Mwingi kuliko tunaoujua. Chukua mvua yoyote iliyonyesha baharini usiku mmoja miaka milioni tatu iliyopita. Matone yaliyoanguka katika dakika yake ya mwisho yalikuwa na idadi, na idadi hiyo iligawanyika kwa mbili au haikugawanyika. Hakuna aliyehesabu, hakuna alama iliyobaki, na hapakuwa na mtu wa kuona wala wa kukosea. Ukisema iligawanyika, umesema kweli au umesema uongo.